Kompyuta ipi ya mtumba kwa mashine ya CNC ya nyumbani? Aina nne zikilinganishwa

Mtu aliyekwisha kupata mashine yake ndogo ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, iwe ile ya kitanda cha sentimita 30 kwa 18 inayouzwa kwa jina la 3018, iwe 6040 iliyokuja na kisanduku chake cha vidhibiti, au iwe aliyoiunga mwenyewe kwa mabomba ya mraba, hufika mbele ya rafu za kompyuta za mtumba za Kariakoo au Luthuli Avenue akiwa na maswali ya mtu wa ofisi: prosesa ni i ngapi, RAM ni kiasi gani, diski ni ya aina gani. Muuzaji humjibu bila kusita, kwa kuwa ndiyo maswali anayoulizwa kutwa. Tatizo ni kwamba majibu hayo hayamwambii mnunuzi kama herufi itakayochongwa kwenye ubao wa mninga itatoka imenyooka au imekatika kiunoni.

Swali linalotangulia yote ni hili: nani atakayehesabu hatua? Mota za hatua zinazotumika katika mashine hizi huhitaji hatua 200 ili kuzunguka mara moja, na kidhibiti cha mota kwa kawaida huigawa kila hatua katika vipande 8, hivyo mzunguko mmoja ukawa mapigo 1,600. Kama skrubu inasogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, kila milimita ni mapigo 320. Mashine ikienda milimita 3,000 kwa dakika, yaani milimita 50 kwa sekunde, mtu au kitu fulani lazima kitoe mapigo 16,000 kila sekunde, pigo moja kila mikrosekunde 62.5, bila kuchoka na bila kupepesa macho. Pigo likichelewa, mota hushtuka. Likichelewa sana, mota hukwama na kupoteza hatua, na programu haina habari, kwa sababu mashine nyingi za nyumbani hazina kifaa cha kurudisha taarifa ya mahali meza ilipo.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na kompyuta yenyewe kupitia poti ya printa, ile pana yenye matundu 25, kwa kutumia programu za kuendeshea mashine kama LinuxCNC au Mach3. Au inaweza kukabidhiwa kifaa cha nje: ubao mdogo wa Arduino Uno uliopakiwa programu ya GRBL, ubao wa kampuni ya Mesa, au kisanduku cha USB, huku kompyuta ikibaki kutuma maagizo tu kama karani. Katika njia ya kwanza kompyuta ni mpiga ngoma na sifa yake kubwa ni kutopotea katika mdundo. Katika njia ya pili hata kompyuta ya wastani inatosha, na fedha huhamia kwenye kifaa cha nje. Aina nne zinazolinganishwa hapa zinatofautiana zaidi kwa jambo hili kuliko kwa kasi ya prosesa.

Vigezo vya ulinganisho

Kila aina itapimwa kwa mambo matano. La kwanza ni *muda*: je, kompyuta hutimiza kazi ndogo kwa wakati uleule kila mara? La pili ni *poti*: ina mlango gani wa kuzungumza na mashine? La tatu ni *programu*: mfumo endeshi gani unakaa vizuri ndani yake, na programu ipi ya kuendeshea mashine? La nne ni *umeme na vumbi*, mambo ambayo miongozo mingi ya ughaibuni huyapita mbio lakini huku kwetu ndiyo yanayoua kompyuta. La tano ni *vipuri na gharama za nyongeza*, kwa sababu kompyuta rahisi inayodai kadi ya kuagizwa nje si rahisi tena.

Kigezo cha muda kinastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndicho pekee kisichoonekana kwa macho wala kuandikwa kwenye kibandiko. LinuxCNC, ambayo ilizaliwa miaka ya 1990 katika taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikiitwa EMC, huja na jaribio la uchelewaji. Jaribio hilo huonyesha, kwa nanosekunde, ni kwa kiasi gani kompyuta imewahi kuchelewa kuitikia katika hali mbaya kuliko zote. Mwongozo wa LinuxCNC unasema kwamba kompyuta ambayo haivuki mikrosekunde 15 hadi 20 itatoa matokeo mazuri sana kwa njia ya poti ya printa. Ya 30 hadi 50 bado inafaa, ila mwendo wa juu utapungua. Na ya 100 na kuendelea isipewe kazi ya kutoa mapigo yenyewe. Hesabu ni nyepesi. Kila pigo linahitaji mizunguko miwili, wa kupanda na wa kushuka. Kompyuta inayoweza kufanya mzunguko kila mikrosekunde 25 hutoa mapigo 20,000 kwa sekunde. Inayohitaji mikrosekunde 50 hutoa 10,000, na kwa mashine yetu ya mapigo 320 kwa milimita mwendo wake hauvuki milimita 1,875 kwa dakika. Zipo mbinu za kuongeza idadi hiyo, lakini mnunuzi asizihesabu kabla ya kununua.

Jaribio hili hufanyika dukani, kabla ya kulipa. LinuxCNC inapatikana kama faili la kuwashia kompyuta kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo mnunuzi huingia na flashi mfukoni, huwasha, hufungua jaribio, kisha huilemea kompyuta kwa makusudi. Njia ya kawaida ni kufungua madirisha kadhaa ya glxgears, ile programu ya magurudumu matatu yenye meno, jekundu, kijani na bluu, yanayozunguka bila kikomo, huku ukinakili faili kubwa na kuburuta madirisha huku na huko. Usitosheke na dakika mbili. Mara moja nilikaa kwenye kigoda cha duka fulani nikiangalia namba zimetulia kwenye 14,000 kwa dakika kumi nzima, kijana wa duka akiniuliza, "Kaka, hilo gemu linachezwaje?", na nilikuwa nimeshatoa pochi wakati namba iliporuka ghafla hadi 180,000, ikatulia, kisha ikaruka tena baada ya dakika moja hivi. Mruko wa namna hiyo, unaorudi kwa vipindi, mara nyingi hutokana na BIOS, programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mama, inayoisimamisha prosesa kimyakimya ili ishughulike na mambo yake ya ndani, na hakuna prosesa ya kasi inayouponya. Nilirudisha pochi. Tangu siku hiyo sichukui neno la mtu kuhusu muda; nasubiri robo saa.

Aina ya kwanza: kompyuta kongwe ya mezani yenye poti ya printa kwenye ubao

Hizi ni kompyuta za ofisi za takriban 2007 hadi 2010 zenye prosesa za Core 2 Duo. Dell OptiPlex 755 na 780 ni mifano inayofahamika, na katika familia hii ya umri zimo pia zile mbao ndogo za Intel zenye prosesa ya Atom, D510MO na D525MW, ambazo kwa miaka mingi wapenzi wa LinuxCNC walizisifu kwa utulivu wa muda ingawa kwa kazi za kawaida ni polepole kama kobe.

*Muda.* Hapa uzee ni sifa. Prosesa hizi hazina mbinu nyingi za kujilaza na kujiamsha ili kuokoa umeme, na zilizonazo kwa kawaida huzimika kutoka kwenye BIOS. Si kila moja ni nzuri, lakini uwezekano wa kukutana na iliyotulia ni mkubwa kuliko katika aina nyingine zote tatu.

*Poti.* Poti ya printa ipo kwenye ubao mama, kwa anwani ya kawaida ya 378, na inatoa mistari 12 ya kutoka na 5 ya kuingia, inayotosha mihimili minne (pande za mwendo wa mashine), spindo (mota inayozungusha kisu) na swichi za mwisho wa safari. Kadi inaweza kuwa na anwani nyingine na tabia nyingine. Poti ya kwenye ubao haina mambo hayo. Ichunguze kwa tochi: hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja huacha unga wa kijani kwenye viguso, na tundu moja lenye unga ni mhimili mmoja unaokwenda upande mmoja tu.

*Programu.* Prosesa za Core 2 Duo ni za biti 64, kwa hiyo hupokea Debian 12, ambayo ni aina ya Linux, na LinuxCNC bila shida. Anayetaka kutoa mapigo kwa poti ya printa atapata muda bora zaidi akitumia kiini cha Linux chenye RTAI kuliko kile cha kawaida cha PREEMPT-RT; vyote viwili ni Linux iliyorekebishwa ili iwahi muda. Kwa Mach3, aina hii ndiyo nyumbani hasa, kwa sababu kiendeshi chake cha poti ya printa hufanya kazi katika Windows za biti 32 tu, XP au 7. Windows hizo hazipati tena masasisho, XP tangu Aprili 2014 na 7 tangu Januari 2020, lakini kompyuta isiyounganishwa na intaneti, inayopokea faili kwa flashi, haina mengi ya kuogopa. Leseni ya Mach3 iliuzwa dola 175. Toleo la majaribio lisilolipiwa huishia mistari 500 ya msimbo wa G, yaani maagizo ya mwendo yanayotumwa kwa mashine, na mchoro wa ua la mlango humaliza mistari hiyo kabla petali la pili halijakamilika.

*Umeme na vumbi.* Prosesa kama Core 2 Duo E8400 imekadiriwa wati 65, na pamoja na vitu vingine kompyuta nzima hula umeme wa kutosha kuchosha UPS ndogo mapema. Vumbi la MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, hupenda feni zake, ila kasha ni kubwa na husafishwa kwa brashi na pampu ya baiskeli.

*Vipuri na gharama za nyongeza.* Bei yake ni ya chini kuliko zote na nyongeza ni waya wa matundu 25 tu. Udhaifu ni umri. Angalia kapasita kwenye ubao: zilizovimba kichwani au zenye ukoko wa kahawia zinakuaga. Betri ya saa, ile ya mviringo ya CR2032, ibadilishwe siku ya kwanza bila kuuliza. Nilipuuza hilo wakati fulani. Umeme ulikatika Ijumaa usiku ukarudi Jumapili, na Jumatatu mashine ilikuwa imekufa ganzi: programu ilionyesha meza inakwenda, mota zilikuwa kimya. Nilifungua kisanduku cha vidhibiti, nikapima volti, nikabadilisha waya, na karibu nilaani kidhibiti cha mhimili wa X, kumbe BIOS ilikuwa imesahau mipangilio yote na kuifunga poti ya printa. Betri mpya ilirudisha kila kitu.

*Anayefaa.* Mwenye mashine ya kisanduku cha poti ya printa, kama nyingi za 6040 za zamani, mwenye bajeti finyu na asiyeogopa kuingia BIOS.

Aina ya pili: kompyuta ya mezani ya 2011 hadi 2017 yenye nafasi ya kadi

Hapa tunazungumzia Core i3 na i5 za kizazi cha 2 hadi cha 7, katika makasha ya mnara au yale ya bapa: OptiPlex 7010, HP Compaq 8300 Elite, HP EliteDesk 800. Zinazidi kuwa nyingi sokoni, kwa sababu Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo, kwa Intel, kwa ujumla huanzia kizazi cha 8. Ofisi inaiona kompyuta imeisha muda. Mashine ya kuchonga mbao haijui hata TPM ni nini.

*Muda.* Unatofautiana sana, hata kati ya kompyuta mbili za ukoo mmoja, na hutegemea mipangilio. Katika BIOS zima hali za usingizi wa prosesa, ubadilishaji wa kasi na ule ujanja wa kiini kimoja kujifanya viwili. Katika Linux tenga kiini kimoja cha prosesa kwa ajili ya kazi ya mashine peke yake. Nimeona kompyuta ya aina hii ikishuka kutoka namba ya kukatisha tamaa hadi ya kuridhisha kwa marekebisho hayo tu. Tumia michoro ya Intel iliyomo ndani. Kadi za michoro zenye viendeshi vya kampuni mara nyingi huharibu muda.

*Poti.* Poti ya printa kwenye ubao imekuwa nadra, kwa hiyo hununuliwa kadi ya PCIe. Mambo matatu hukwaza watu. Kasha la bapa linahitaji kadi yenye kibati kifupi. Anwani ya kadi si 378, bali husomwa kwa amri ya lspci na kuandikwa kwenye faili la mipangilio. Na baadhi ya kadi hutoa volti 3.3 badala ya 5, ambazo vidhibiti vingine vya mota havizisikii, hivyo ubao wa kati wenye kukuza mawimbi huhitajika. Waya unaogeuza USB kuwa poti ya printa usiununue hata ukipewa bure: umetengenezwa kwa printa na hauwezi kutoa mapigo ya hatua.

Uzuri hasa wa aina hii ni kwamba inakubali njia zote. Leo unaanza na kadi ya poti ya printa. Kesho ukipata ubao wa Mesa wa kadi au wa waya wa mtandao, kompyuta hiyohiyo inaendelea.

*Programu.* Debian na LinuxCNC hukaa vizuri. Kwa Mach3 ya poti ya printa ni lazima kuweka Windows 7 ya biti 32, jambo linalowezekana hadi kizazi cha 4 bila usumbufu mkubwa. Kwa kizazi cha 6 na kuendelea utahangaika na viendeshi vya USB wakati wa kusakinisha, na sioni faida ya hangaiko hilo.

*Umeme na vumbi.* Core i5-3470 imekadiriwa wati 77, lakini ikiwa haina kazi kubwa hutumia kidogo kuliko kompyuta kongwe.

*Vipuri na gharama za nyongeza.* Vipuri vimejaa kila kona: RAM, feni, vyanzo vya umeme, hata ubao mama. Jihadhari na vyanzo vya umeme vya makasha ya bapa, ambavyo vina umbo na plagi za kampuni husika na havibadilishani na vya kawaida. Ongeza bei ya kadi kwenye hesabu yako.

*Anayefaa.* Anayejua kwamba mashine yake itakua, na ambaye hajaamua kama atabaki na poti ya printa.

Aina ya tatu: kompyuta ndogo ya kubandika nyuma ya skrini

Hizi ni zile za ukubwa wa kitabu kinene: ThinkCentre M92p Tiny, OptiPlex 9020 Micro, EliteDesk 800 Mini. Hazina nafasi ya kadi ya kawaida, kwa hiyo poti ya printa isahauliwe.

*Muda.* Kwa kuwa kifaa cha nje ndicho kinachohesabu hatua, kompyuta inahitaji tu kuwahi miadi ya kila milisekunde moja ikiwa inatumia ubao wa Mesa, au hata miadi hiyo haipo ikiwa inatumia GRBL. Uchelewaji wa mikrosekunde 100, unaoivunja aina ya kwanza, hapa hauna madhara. Hata hivyo fanya jaribio, kwa sababu miruko mikubwa ikikaribia milisekunde nzima, LinuxCNC italalamika na kusimamisha mashine.

*Poti.* Poti ya mtandao ndiyo hazina yake. Mbao za Mesa kama 7I96S na 7I76E huunganishwa kwa waya wa mtandao, na kila moja hutoa mapigo ya mihimili 5 kutoka kwenye chipu yake. Kompyuta hizi nyingi zina poti za mtandao za Intel, zinazoaminika kwa kazi hii, ila ni lazima kuzima tabia ya kadi ya mtandao ya kukusanya pakiti kabla ya kuiamsha prosesa. Waya wa mtandao una faida nyingine isiyosemwa sana: pande zake mbili zimetenganishwa na transfoma ndogo, kwa hiyo kelele ya umeme kutoka kwenye inveta ya spindo, kifaa kinachoilisha umeme na kuongoza kasi yake, haipiti kirahisi kama inavyopita kwenye USB. Kwa kuwa poti hiyo imeshachukuliwa na mashine, faili utazileta kwa flashi au Wi-Fi.

*Programu.* LinuxCNC kwa Mesa. Universal Gcode Sender au nyinginezo kwa GRBL, katika Linux au Windows yoyote.

*Umeme na vumbi.* Prosesa za aina ya T, kama i5-4590T ya wati 35, na adapta ya volti 19 au 20 kama ya mpakato, huifanya UPS ndogo idumu. Vumbi ndilo adui: feni ni ndogo, mapezi ya kupozea joto yamebanana, na unga wa MDF huyaziba kama zulia. Ifungie ndani ya kabati lenye chujio, mbali na spindo, na ifungue kila baada ya miezi michache.

*Vipuri na gharama za nyongeza.* Kompyuta yenyewe haigharimu sana, lakini ubao wa Mesa huagizwa kutoka Marekani, na ukijumlisha usafiri na ushuru unaweza kuwa kitu ghali kuliko vyote mezani. Ukitumia Arduino Uno badala yake, gharama hiyo inatoweka, na ukomo wa GRBL, mapigo 30,000 kwa sekunde na mihimili mitatu, unatosha mashine nyingi za nyumbani: kwa mapigo 320 kwa milimita ni zaidi ya milimita 5,600 kwa dakika, mwendo ambao fremu nyingi za mbao zingetikisika kabla ya kuufikia.

*Anayefaa.* Mwenye karakana yenye nafasi finyu, aliye tayari kulipa mara moja kwa kifaa cha nje na kusahau habari za mikrosekunde.

Aina ya nne: kompyuta mpakato

*Muda.* Kwa poti ya printa, jibu ni hapana, na hata watengenezaji wa Mach3 walitahadharisha. Mpakato umeundwa kuokoa betri; hubadilisha kasi na kupima joto kila mara, na kila tendo la namna hiyo ni pengo katika mdundo. Kwa GRBL mambo ni tofauti kabisa, kwa sababu Uno huhifadhi mienendo kama 16 iliyopangwa mbele na haijali kompyuta ikisita kidogo.

*Poti.* USB. Tumia waya mfupi wenye kinga nzuri dhidi ya kelele ya umeme, upitishe mbali na waya wa spindo, na uufunge mahali pamoja ili usilegee. Muunganisho ukikatika katikati ya kazi, kazi hiyo imekwisha.

*Programu.* Windows au Linux yoyote. Kitu cha kwanza ni kuzima usingizi wa skrini, wa diski na wa USB, pamoja na masasisho ya kujiwasha yenyewe.

*Umeme na vumbi.* Watu husifu betri, na sifa hiyo ina kweli nusu. Umeme ukikatika, mpakato hubaki hai lakini mota zimelegea na spindo imesimama ndani ya mbao, hivyo mahali meza ilipo pameshapotea. Faida iliyobaki ni kwamba skrini bado inaonyesha mstari wa msimbo uliofikiwa. Uandike kwenye karatasi, na kama mashine ina swichi za nyumbani, zile zinazoionyesha sifuri yake iko wapi, unaweza kurudi sifuri na kuanzia mistari michache nyuma. Bila swichi hizo betri haikusaidii kitu katika suala hili. Kibodi hunywa vumbi. Kifuniko cha plastiki laini cha bei ndogo husaidia.

*Vipuri na gharama za nyongeza.* Chaja na betri zipo, bawaba na kibodi ni kero. Wengi tayari wanao mmoja nyumbani, na hiyo ndiyo bei isiyoshindika.

*Anayefaa.* Mwenye 3018 au mashine ya leza, mwenye kuhamisha vifaa kati ya sebule na uani.

Neno moja kuhusu Raspberry Pi 4, kwa kuwa huulizwa: inaendesha LinuxCNC, na inafaa pamoja na ubao wa Mesa. Lakini haijazoeleka katika maduka yetu ya mtumba, na ikipatikana bei yake pamoja na adapta, kadi ya kumbukumbu na kasha hukaribia ile ya kompyuta ndogo ya aina ya tatu.

Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa mashine yako tayari ina kisanduku cha poti ya printa na hutaki kukifungua, tafuta aina ya kwanza, na uende dukani na flashi. Ukikosa iliyotulia baada ya kujaribu tatu au nne, chukua aina ya pili na kadi ya PCIe, ukikubaliana na muuzaji kwamba utairudisha ikishindwa jaribio ukiwa umeshaweka kadi. Wengi hukubali wakiona unajua unachopima.

Ikiwa una diski ya Mach3 yenye leseni halali na umezoea skrini zake, usiuache ujuzi huo kwa sababu ya mtindo. Core 2 Duo yenye Windows 7 ya biti 32 itakuhudumia, mradi usiiunganishe na intaneti na uhifadhi nakala ya diski nzima kwenye diski ya pili.

Ikiwa ni mashine ya biashara, tuseme milango na vitanda vya wateja wa Keko, Dar es Salaam, wanaosubiri, gharama ya ubao mmoja wa mbao ulioharibika katikati ya kazi inaweza kuzidi tofauti ya bei ya kompyuta zote hizi. Hapo aina ya pili au ya tatu pamoja na ubao wa waya wa mtandao ndiyo ningeipima kwanza, nikinunua kompyuta mbili zinazofanana, moja ikae kabatini ikiwa imesakinishwa kila kitu.

Ikiwa unaishi mahali umeme unakatika mara kwa mara, weka UPS moja inayobeba kompyuta pamoja na chanzo cha umeme cha vidhibiti vya mota, ukiiacha spindo nje. Inveta ya spindo isiyo na umeme ipeleke ishara kwenye kompyuta ya kusimamisha mwendo; meza itabaki imeshikwa mahali pake. Kwa mpangilio huo aina ya tatu ina nafasi nzuri, kwa kuwa betri ya UPS humaliziwa na mota, si na kompyuta.

Na ikiwa ndiyo kwanza unaanza, huna hakika kama utapenda kazi hii, na nyumbani kuna mpakato wenye ufa kwenye kioo, anza nao na GRBL kwenye mbao laini za vipande. Usinunue kompyuta yoyote mpaka uwe umechonga vya kutosha kujua kama unataka mhimili wa nne, kwa sababu jibu la swali hilo hubadilisha kifaa cha nje, na kifaa cha nje hubadilisha kompyuta.